Bei ya Sangara Haiishii Entebbe

Katika mwalo wa Ggaba, ndani ya Tarafa ya Makindye, si mbali na kambi ambazo wengi wa wasikilizaji wa mazungumzo haya wamepata kuzitumikia, samaki aina ya sangara, ambaye Waganda humwita mputa, hupimwa kwa mizani na bei yake hutajwa papo hapo. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya hesabu.

Sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikwisha kulitawala ziwa. Viwanda vya minofu vikajengwa Uganda, Kenya na Tanzania, na minofu ikaanza kupakiwa kwenye ndege Entebbe kwenda Ulaya. Haifai kuidharau faida iliyopatikana, kwa maana ipo miaka ambayo samaki walishika nafasi ya pili baada ya kahawa katika fedha za kigeni za Uganda. Barabara, dawa na hata mafuta ya magari ya doria hununuliwa kwa fedha za namna hiyo.

Lakini nani alilipa gharama? Kwanza alilipa enkejje, yule samaki mdogo ambaye akina mama wa Buganda walimkausha juani na kumsaga kuwa chakula cha mtoto aliyedhoofu. Jamii zake mamia kadhaa zilimezwa na sangara, na nyingi hazijaonekana tena. Sangara mwenyewe ana mafuta mengi, hakaushwi juani kwa urahisi. Humpasa kubanikwa kwa moto, na moto huo umekula miti ya visiwani na ya kando ya ziwa. Minofu ilipokwenda ng'ambo, maskini wakabakiwa na kichwa na mifupa, navyo wakavinunua. Samaki akawa ghali katika nchi yenye ziwa.

Mwenye mtumbwi naye hana uhuru mkubwa kama inavyodhaniwa. Mara nyingi nyavu na injini amekopeshwa na wakala wa mnunuzi, kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake kwa bei atakayoitaja. Samaki wakipungua, deni halipungui. Hapo ndipo mtu huchukua kokoro, au nyavu zenye matundu madogo, akavua hata sangara asiyefika sentimita 50, ambaye sheria inamkataza. Tamaa haikosekani, lakini ni kosa kudhani kwamba tamaa ndiyo sababu pekee.

Hatari nyingine ni kumtegemea mnunuzi wa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 sababu ilikuwa habari za sumu iliyotumiwa kuvulia. Viwanda vilisimama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, pamoja na wale ambao hawajapata kuishika sumu hiyo.

Mambo haya si ya ziwa hili tu. Katika nchi za Thailand na Ekuador, mikoko ilikatwa ili kuchimba mabwawa ya kamba wa kuuzwa nje, na samaki wa pwani wakakosa mahali pa kuzalia. Katika delta ya Rufiji, Tanzania, mradi mkubwa wa namna hiyo ulipingwa na wanavijiji katika miaka ya 1990, wala haukutekelezwa. Mikoko ya Uganda ni mafunjo. Kinamasi cha Nakivubo, kilichokuwa kikichuja maji machafu ya Kampala, kimelimwa na kujengwa, na uchafu unateremka katika ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Gharama ya kuyasafisha hailipwi na aliyekijaza kinamasi, bali na kila afunguaye bomba, kambini na uraiani.

Mwaka 2017 jeshi la UPDF liliagizwa kulinda ziwa. Nyavu haramu zilichomwa na viwanda vikapata samaki wakubwa zaidi. Vilevile malalamiko ya wavuvi juu ya kupigwa na kuchomewa mitumbwi yalifika Bungeni. Yote mawili ni ya kweli, na askari mwenye busara hayafichi hata moja. Mtumbwi ukiteketea, deni la injini haliteketei, na aliyefilisika hurudi majini usiku akiwa na wavu mbaya kuliko wa kwanza.

Ulinzi huo, basi, usiishie kwa baharia aliyelowa. Sangara mchanga hanunuliwi majini. Hupakiwa garini alfajiri, akapita barabarani mbele ya vizuizi vya polisi hadi kwa mwenye fedha, na mwenye fedha huyo ndiye aliyemkopesha baharia wavu.