KUKU ANAYEATAMIA NA VIFARANGA WAKE

Mazungumzo kwa wenye kufuga kuku uani



Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Maneno hayo ni kweli, lakini wahenga hawakusema ya kwamba mwenye kuku havunji. Katika nyumba nyingi za pwani mayai huharibika na vifaranga hufa, wala si kwa sababu koo hajui kazi yake. Ni kwa sababu mwenyewe hakumsaidia palipohitajiwa msaada, au alimwingilia pasipohitajiwa. Mazungumzo haya yahusu mambo hayo mawili: wakati wa kumsaidia kuku anayeatamia, na wakati wa kumwacha.

Mokowe ni mji wa bara unaoelekea kisiwa cha Lamu. Hapo ndipo safari ya basi kutoka Mombasa inapokoma, na abiria hushuka gatini wakapanda mashua kuvuka. Mahali penye wasafiri hapakosi mnunuzi wa kuku wala wa mayai. Tena kuku ni mali iliyo karibu na mkono wa mama wa nyumba: haihitaji shamba kubwa, na huuzwa siku ile ile shida inapobisha mlango.

Ichukuliwe mfano wa mama mmoja wa Mokowe mwenye makoo watatu na jogoo mmoja. Amenuia kumnunulia mwanawe viatu vya shule na kumaliza deni la dukani kwa fedha za kuku. Mwaka uliopita makoo wake waliatamia mayai 36, na vifaranga waliokua hata wakauzwa walikuwa 5 tu. Mayai mengine yalikuwa viza, vifaranga wengine walinyakuliwa na mwewe na kunguru, na waliobaki wakafagiliwa na mdondo. Je, mama huyu alikosa bahati? La. Kila hasara katika hizo ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ina dawa.

KUMJUA KUKU ANAYETAKA KUATAMIA

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15, kisha huacha kutaga akataka kuatamia. Dalili zake ni wazi. Hakai tena juu ya fito usiku pamoja na wenzake, bali hulala kiotani. Akikaribiwa hututumua manyoya, hulia kwa sauti nzito, na hudonoa mkono. Tena hujinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yake yenye joto igusane na mayai.

Hata hivyo isiwe haraka. Afadhali awekewe mayai mawili yasiyofaa, akaachwa siku mbili. Akiyashikilia mchana na usiku, basi nia yake ni ya kweli na apewe mayai mema. Akiyaacha akaenda zake kuparura, hasara si kitu.

Pengine mwenye kuku hataki koo wake aatamie, kwa kuwa ahitaji mayai ya kuuza. Siku moja mama wa mfano alikuwa na haja hiyo. Jirani yake, bibi wa makamo, akamwambia, "Mwanangu, mtumbukize majini kuku huyo, atapoa." Mama akajibu kwa adabu, "Ahsante, Bi Mkubwa, lakini Bwana Mifugo amefundisha njia isiyomtesa." Njia hiyo ni kumtia kuku katika tundu la fito lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye mwanga na upepo wa kupita chini yake, bila majani wala kiota, akapewa chakula na maji kama kawaida. Baada ya siku 3 hata 5 joto la kifua hupoa na hamu ya kuatamia humtoka. Kumfunga miguu au kumnyima maji ni ukatili, na humchelewesha kurudi kutaga.

MAYAI YA KUWEKWA

Hapa ndipo hasara nyingi zinapoanza. Yai jema la kuatamiwa ni la ukubwa wa kadiri, lenye umbo zuri, lisilo na ufa, na lililotagwa na koo anayekaa na jogoo. Jogoo mmoja huwatosha makoo 10. Yai chafu kidogo lipanguswe kwa kitambaa kikavu, wala lisioshwe, kwa kuwa maji huondoa utando uzuiao vijidudu kuingia.

Watu wengi huyaweka mayai ndani mpaka yatimie, bila kufikiri juu ya joto. Yai lenye mbegu huanza kukua polepole likiwa mahali penye joto lipitalo nyuzi 21 hivi. Kule nyanda za juu mayai hukaa wiki nzima bila madhara, lakini pwani wakati wa kaskazi joto la chumba hupita kipimo hicho mchana na usiku. Mbegu huanza kukua nusu nusu, kisha hufa kabla kuku hajalikalia yai. Kwa hiyo pwani yafaa mayai yasizidi siku 5 hata 7, na yawekwe mahali pa ubaridi kuliko pengine nyumbani, kama vile ndani ya chungu kilichowekwa kivulini. Ncha nyembamba ielekee chini, na mayai yageuzwe kidogo kila siku.

Mayai yaliyosafirishwa yana sharti jingine. Dada yake mama wa mfano, akaaye Lamu, alimpelekea mayai 4 ya kuku wa kuchi. Watu wa Lamu wana fahari ya kuku huyu: mrefu wa miguu na shingo, mpenda vita, na umbo lake lafanana na kuku wa vita wa Asia. Wataalamu waliochunguza nasaba za kuku wa kienyeji wa Kenya waliona kwamba kuku wa Lamu wana nasaba yao mbali na wenzao wa bara. Mayai hayo yalivuka kwa mashua, yakatikiswa na mawimbi. Mama hakuyaweka chini ya koo jioni ile. Aliyapumzisha siku nzima, ncha nyembamba chini, ili hewa iliyomo upande mnene itulie mahali pake. Tena aliyapa koo wa kawaida, mwepesi wa mwili, kwa sababu kuku mzito aweza kuyaponda.

Hesabu ya mayai iwe 10 hata 13 kwa koo wa kadiri. Yai lisilofunikwa na mbawa leo litapoa, na kesho koo atalisogeza ndani na kulitoa jingine lipoe. Hivyo anayetamani mayai 18 chini ya kuku mdogo huweza kuyapoteza yote.

KIOTA

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo, pasipopita watoto, mbwa wala kuku wengine. Kikapu kikuukuu, sanduku au nusu ya chungu kilichovunjika hufaa. Chini utiwe udongo au mchanga ulioshindiliwa katikati uwe kama sahani, juu yake majani makavu. Majivu kidogo na majani makavu ya mwarobaini yatiwe pia, ili kuwazuia utitiri. Koo mwenyewe apakwe majivu chini ya mbawa na kifuani kabla ya kuwekwa. Kuku anayenyonywa damu na utitiri huhama kiota usiku, na mwenyewe humlaumu kuwa mama mbaya. Panya, kenge, nyoka na siafu nao wakumbukwe.

Kuku ahamishwe usiku, na mayai yawekwe usiku, yote kwa mara moja. Kila yai litiwe alama ya mkaa. Makoo wengine hupenda kutaga katika kiota cha mwenzao, na yai lisilo na alama litolewe siku ile ile.

SIKU 21

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Hesabu yake ni rahisi: mayai yakiwekwa jioni ya Ijumaa, vifaranga watazamiwe Ijumaa ya tatu baadaye. Anayempa koo mayai ya kanga au ya bata ajue ya kwamba hayo huchukua siku 28 hivi, na ya bata mzinga au bata wa Kizungu yasichanganywe na ya kuku, maana vifaranga wakianza kutoka koo huondoka nao akayaacha yaliyosalia.

Katika siku hizo koo huondoka mara moja kwa siku, robo saa hivi, ale, anywe, anye na kujigaragaza mavumbini. Nafaka nzima kama mtama au mahindi, pamoja na maji safi, viwekwe karibu. Mayai ageuze mwenyewe. Hiyo ni kazi yake.

Usiku wa siku ya 7 mayai yapimwe kwa mwanga. Kipande cha karatasi ngumu kitobolewe, yai lishikwe tunduni, na kurunzi au taa ya simu imulikwe nyuma yake. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Yai jeupe pe halina mbegu, litolewe. Siku ya 14 yapimwe tena: lenye uhai huwa jeusi isipokuwa sehemu ya hewa. Viza likiachwa huweza kupasuka na kuyachafua mema yote.

Tangu siku ya 18 koo asisumbuliwe kabisa. Siku ya 21 milio midogo husikika ndani ya mayai, na hapo mikono ya watu huwasha. Isiguse! Kifaranga hutoboa ganda, akapumzika saa nyingi, huku damu ya mishipa na kiini cha yai vikiingia mwilini mwake. Anayembandua ganda kwa huruma humtoa damu. Wala asilishwe kwa haraka, kwa kuwa kile kiini humtosha siku mbili za kwanza. Mayai yasiyofunguka baada ya siku ya 23 yatupwe.

MAKOO WAWILI, SIKU MOJA

Wafugaji hodari hutumia hila njema. Koo wa kwanza akitaka kuatamia, hupewa mayai yasiyofaa ayakalie mpaka wa pili naye awe tayari, lakini asingojeshwe zaidi ya wiki moja hivi. Kisha wote wawili hupewa mayai mema usiku mmoja. Wakiangua, vifaranga wote hutiwa usiku chini ya koo mmoja aliye mpole na mwenye mbawa pana, maadamu awezae kuwafunika wote. Wa pili hutengwa, akalishwa vizuri, na baada ya wiki chache hurudi kutaga. Kuku anayetembea na vifaranga hukaa miezi miwili au zaidi bila kutaga.

KUWALINDA WALIOTOKA

Vifaranga wengi wafao hufa katika wiki 8 za kwanza. Kwa hiyo koo na wanawe wakae ndani ya tenga au kizimba muda wa wiki 3 hata 4, wahamishwe mahali safi kila siku, kivulini wakati wa jua na penye paa wakati wa mvua ya masika. Mwewe hawezi kumnyakua asiyemfikia. Maji yawe katika kisahani chenye kokoto, ili mdogo asizame. Chakula kiwe chenga za mahindi au mchele, mchwa, na dagaa waliokaushwa na kupondwa. Machicha ya nazi hufaa yakiwa mapya na machache. Yakichacha huleta kuhara.

Adui mkubwa kuliko mwewe ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ulionekana huko Newcastle, Uingereza, mwaka wa 1926, na mwaka wa 1935 ulikwisha kutambuliwa Kenya. Kuku huhema kwa shida, huhara kijani, hupinda shingo, na nyumba nzima yaweza kubaki bila kuku hata mmoja katika wiki moja. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa Kenya na taasisi ya KEVEVAPI. Aghalabu hutolewa kwa tone moja jichoni, tangu kifaranga akiwa na umri wa wiki moja hivi, kisha hurudiwa kwa nyakati aagizazo afisa wa mifugo. Huharibika kwa joto, basi ichukuliwe pamoja na barafu wala isipigwe na jua. Chupa moja huwatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Majirani wakishirikiana gharama huwa ndogo, na mtaa mzima hupona.

Mama wa Mokowe alifanya hayo yote kwa makoo wawili na mayai 24. Matatu yalikuwa meupe siku ya 7, mawili yakawa viza, na 19 yakaanguliwa, wawili wao wakiwa kuchi. Mmoja alikanyagwa siku ya kwanza, na mwingine alitoroka tengani akachukuliwa na kunguru. Baada ya miezi miwili alibaki na 17. Jogoo wakikua atawauza. Tembe atawabakiza kuwa makoo. Wale kuchi wawili hawauzi kwa sasa: amekwisha kumwahidi dada yake mmoja, arudi Lamu kwa mashua.