Asili ya Vyakula Vyetu: Kumbukumbu ya Bwana Greenway

Siku moja tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu mpaka soko la Kariakoo, tukawauliza, "Katika vyakula hivi, vipi walivyokula mababu wa kale?" Wote wakaonyesha mahindi na mhogo. Bibi mmoja muuza nafaka akacheka, akachota konzi ya mtama, akasema, "Wajukuu zangu, huyu ndiye mzee wao."

Bibi yule alisema kweli, naye alitukumbusha marehemu P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea. Bwana huyu alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, hata mwaka 1950, hazina ya majani makavu ilipohamishiwa Nairobi. Kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili ilipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1940. Tena aliandika juu ya asili ya vyakula vya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1980.

Asili ya mmea hutafutwaje? Kwanza hutazamwa nchi ambamo ndugu zake wa mwituni humea wenyewe. Pili huchunguzwa punje za kale zilizoungua, maana punje iliyogeuka makaa haiozi upesi. Kwa njia hii twajua kwamba mtama ulilimwa Sudani yapata miaka 5,000 iliyopita. Huko Pemba nako, punje zilizochimbuliwa zaonyesha kwamba uwele ulitangulia, na mpunga, uliotoka Asia, ukaenea baadaye. Tatu husikilizwa majina, lakini kwa hadhari: mahindi yaitwa kana kwamba yalitoka Uhindi, kumbe yalitoka Amerika, kama mhogo na karanga, yakavuka bahari baada ya mwaka 1492.

Basi tulimwomba yule bibi majina ya aina za mtama. Akatutajia sita. Wanafunzi wetu, watoto wa wakulima, walijua moja tu; nasi walimu wao hatukuwazidi. Tuliona haya. Maana jina likipotea, maarifa hupotea pamoja nalo: mbegu ipi yavumilia jua, ipi haishambuliwi na wadudu ghalani.

Majina yaliyomo katika kamusi ile yalitoka vinywani mwa wenyeji, nayo yamesalia kwa sababu yaliandikwa. Kwa hiyo twawasihi, ninyi wenye kalamu: waulizeni wazee wenu kabla hawajaondoka, mkaandike. Kuuliza si ujinga.