Nyasi za Vetiva na Udongo wa Miteremko

Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi



Mvua za masika zinapoteremka katika vilima vya Pemba, maji ya mabondeni huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo wa juu wa mashamba, ambao ndio wenye rutuba. Mkulima aliyeupoteza hatoweza kuurejesha kwa jembe wala kwa mbolea ya msimu mmoja. Mazungumzo haya yanahusu nyasi moja inayoweza kuupunguza upotevu huo kwa gharama ndogo, na pia makosa yanayoifanya ishindwe kazi hiyo.

Nyasi hizo ni vetiva. Asili yake ni India, ambako huitwa khas, na mizizi yake husukwa mapazia ya madirishani. Mapazia hayo hurowanishwa maji wakati wa joto, na upepo unaopita huingia nyumbani ukiwa baridi na wenye harufu nzuri. Wakulima wa karibu na Mysore, kusini mwa nchi hiyo, wameipanda kwa vizazi vingi kuwa mpaka wa mashamba. Visiwani Fiji, katika miaka ya 1950, mtaalamu John Greenfield aliitumia kuhifadhi mashamba ya miwa ya miteremkoni. Katika miaka ya 1980 yeye na mwenzake Richard Grimshaw, wakiwa watumishi wa Benki ya Dunia nchini India, waliitangaza upya, na kutoka hapo ikaenea katika nchi nyingi za joto.

Vetiva huota kwa kichaka kilichoshikamana, chenye majani marefu magumu yanayofikia urefu wa mtu na zaidi. Kwa umbo hilo wengi huipanda bustanini kuwa pambo, kichaka kimoja hapa na kingine kule, nayo hupendeza. Lakini kazi yake kubwa imo chini ya ardhi. Mizizi yake haitambai pembeni kama ya ukoka, bali hushuka wima, na katika udongo mzuri huweza kufika mita 3 au 4. Ndiyo sababu nyasi hizi husalimika kiangazi wakati majani mengine yamekauka, na hata zikiungua moto huchipua tena.

Hapa ndipo linapozuka kosa la kwanza. Husikika kwamba nyasi hizi zinastahamili ukame, basi mtu akazipanda wakati wa jua kali na kuziacha. Ustahamilivu huo ni wa kichaka kilichokwisha kushika. Mche mchanga hauna mizizi ya kuyafuata maji, kwa hiyo upandwe mwanzo wa masika, ardhi ikiwa imelowa, na mvua ikikatika umwagiliwe.

Kosa la pili ni la nafasi. Kichaka kizima hung'olewa, kikapasuliwa mafungu madogo yenye vijiti viwili au vitatu vyenye mizizi, majani yakakatwa yakabaki kiasi cha shubiri moja. Mafungu hayo hupandwa katika mstari mmoja, sentimita 10 hadi 15 baina ya moja na jingine. Mstari ukate mteremko kwa usawa, usishuke nao. Mpira wa maji wanaoutumia waashi kupimia msingi watosha kabisa kuupata usawa huo. Baada ya msimu mmoja au miwili vichaka hukutana vikawa ukuta. Maji hupenya polepole, udongo hubaki nyuma yake, na mwaka hadi mwaka hujengeka ngazi isiyochimbwa na mtu. Pengo moja tu likiachwa, maji yote hukimbilia hapo na kuchimba korongo. Kwa hiyo mche uliokufa upandwe mwengine bila ya kuchelewa.

Kivuli ni adui wa nyasi hizi. Chini ya miembe au mikarafuu iliyofungamana hudhoofika. Mahala pake ni mashamba ya muhogo yaliyo wazi, kingo za barabara na ngema zilizo nyuma ya nyumba. Zikatwe mara mbili au tatu kwa mwaka zibaki sentimita 30 hadi 40. Majani machanga hulishwa ng'ombe na mbuzi, yaliyokomaa hufaa kuezekea au kutandazwa shambani.

Jambo la mbegu lataka hadhari, hasa kwa watu wa visiwani. Vetiva inayopandwa kwa hifadhi ya ardhi ni ile ya kusini mwa India, isiyozaa mbegu za kuota. Iko aina ya kaskazini ambayo huzaa. Mtu akiona miche midogo imejiotea pembezoni mwa kichaka, asichukue mbegu hapo. Huko Hawaii nyasi nyengine ya mapambo, ya jamii ya Pennisetum, ilitoroka bustanini ikaenea nyikani na kuwa kuni za moto wa porini.

Mizizi ya vetiva hunukia, na ikikaushwa huwekwa baina ya nguo sandukuni kuzuia nondo. Mafuta yake hutiwa katika manukato ya thamani. Huko Haiti, ambako mafuta hayo ni zao la biashara, uchimbaji wa mizizi katika miteremko umeongeza mmomonyoko uleule ambao nyasi hizi zingeuzuia. Anayetaka mizizi ya kunukia na apande tuta la mbali, mahala tambarare, na mstari wa mlimani auache.

Mwisho ni suala la majirani. Mstari unaokomea kwenye mpaka wa shamba huyasukuma maji yazunguke ncha yake na kuingia kwa mwenziwe wa upande wa pili. Kwa sababu hiyo yafaa masheha wawakutanishe wenye mashamba ya mteremko mmoja kabla ya masika, mstari upimwe kwa pamoja, na kila mmoja apande kipande chake katika wiki hiyohiyo.