Tupande Nini Mbele ya Shule?

(Maneno ya walimu mbele ya Kamati ya Jumuiya, Nakivale, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tumepewa dakika chache tuseme habari za bustani ya ukumbusho. Kwanza tunakiri kosa. Mwaka jana tulipanda dalia na hotensia, maua ya nyua za Bukavu, kwa kuwa tulitamani kuona kwetu. Tuliyamwagilia mabidoni manne kila jioni, hata akina mama waliopanga foleni bombani wakatuuliza: maua yanakunywa kuliko watoto? Hatukuwa na jibu. Kufika Agosti yote yalikauka, na wapo wazee waliolia, maana yalipandwa kwa ajili ya marehemu wao.

Tulitazama uzuri wa ua, hatukuuliza mmea umezoea mahali pa namna gani. Kivu ni milima yenye mvua nyingi. Hapa Isingiro tuko katika ukanda wa wafugaji. Mvua ni chache, na kuanzia Juni hadi Agosti ni ukavu mtupu.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Philip Grime, alieleza mwaka 1977 kwamba mimea ina njia tatu za kuishi. Kuna ya ushindani: hukua upesi na kufunika jirani zake, lakini hudai maji na rutuba. Kuna mivumilivu: hukua polepole, hujiwekea akiba, hudumu penye dhiki. Na kuna ile ya ardhi iliyovurugwa: huota haraka, hutoa mbegu nyingi, kisha hufa. (Msicheke, hatusemi habari za wakimbizi.)

Mambo hayo mnayaona kila siku. Mchicha hujiotea jalalani. Mabingobingo hustawi penye unyevu. Mshubiri na katani mwitu hukaa chini ya migunga bila kumwagiliwa na mtu.

Basi tunapendekeza hivi. Pale yanapomwagika maji ya kunawia, tupande migomba miwili. Kipande kinacholimwa na wanafunzi kila muhula kiwe cha mchicha na mgagani, na miche michache iachwe itoe mbegu. Katikati, penye mawe na jua kali, pawe mahali pa marehemu wetu: mshubiri na katani mwitu, chini ya migunga miwili iliyopo. Isikatwe kuwa kuni, tafadhali. Na majani yake yanayoanguka yasifagiliwe, ingawa tunajua mnavyopenda uwanja uliofagiwa ukang'aa. Udongo ulio wazi hupoteza maji upesi.

Lantana tunaikataa, hata kama maua yake yanapendeza. Asili yake ni Amerika ya joto. Ndege hubeba mbegu zake, hufunika malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Wenyeji wetu ni wafugaji, na hatutaki ugomvi uanzie katika bustani ya ukumbusho.

Hatutapanda leo, kiangazi kimeanza. Tungoje mvua za Septemba. Maji ya bidoni tutatumia hadi miche ishike mizizi tu, na tutayachota baada ya akina mama kumaliza foleni. Mwenye chipukizi la mshubiri nyumbani alitunze, na aliyefiwa aje atuonyeshe mahali anapotaka lipandwe.