Neno la siri lililobandikwa ukutani
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Sake

Mimi sina kazi, munajua. Diploma yangu ya informatike iko nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, isinyeshewe. Lakini nilifanya staji miezi tatu kule Goma, kwenye biro moja ambayo sitaitaja, na kitu nilichoona mule kinatuhusu.

Tulikuwa tunaandika watu waliokimbia Sake mwezi wa pili 2024: jina, namba ya simu, kijiji, watoto wangapi. Shefu wa ordinateri alipenda usalama sana. Neno la siri herufi 14, kulibadilisha kila siku 30, na ukikosea mara tatu mashine inajifunga mupaka yeye aje. Na yeye hakuwa anakuja kila siku! Nje mama amesimama kwenye jua, mtoto mgongoni, mashine imefungwa. Ajenti wangefanya nini? Wote wakaingia kwa jina la mutu mumoja, neno la siri wakaliandika kwenye karatasi, wakabandika ukutani karibu na dirisha. Hata sentineli alilijua. Kiisha, juu ya kuharakisha, orodha zikaanza kupita kwa WhatsApp, simu hadi simu.

Wakubwa walisema ajenti ni wazembe. Mimi nakataa. Shefu hakukosea kuogopa wezi, lakini alitunga sheria bila kukaa hata saa moja mbele ya ule mstari wa watu.

Na hii si akili yangu tu. Mwaka 1883 mwalimu wa lugha kule Paris, Auguste Kerckhoffs, aliandika masharti sita ya siri za jeshi. La mwisho linataka njia yenyewe iwe rahisi kutumia. Kule Marekani, Bill Burr wa taasisi ya NIST njo alishauri mwaka 2003 watu wabadilishe maneno ya siri mara kwa mara. Mwaka 2017 alikiri kwamba anajutia, na NIST yenyewe ikaacha ile kanuni: chagua neno refu unaloweza kukumbuka, ulibadilishe kama kuna dalili limeibiwa.

Januari 2025 vita vikaingia Sake, kiisha Goma. Ajenti wakatawanyika na simu zao, na majina yetu mule ndani. Jina la mama yangu mdogo liko mule, na kijiji chake, na namba yake. Leo ziko mikononi mwa nani? Sijui, na hakuna mutu alimuuliza kama anakubali.

Kwa hiyo mutu akikuja kukuandika, muulize: hii namba inaenda wapi, mutaifuta lini? Muko na haki. Na kama wewe njo unaandika wengine, omba kila ajenti apewe jina lake la kuingilia, na usiulize kitu ambacho kazi haikihitaji.

Kesho saa tatu ya asubuhi niko hapa tena. Leteni simu, hasa wale ambao kode ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa. Tutabadilisha pamoja, lakini musiniambie hiyo kode mpya.