Kupunguza Mzigo: Hotuba ya Maadhimisho



Niliombwa nizungumze juu ya utumishi. Kwa idhini yenu nitazungumza juu ya kuacha baadhi ya utumishi, ingawa sherehe hii ni ya kuwashukuru watumishi.

Mwaka jana nilikuwa mtunza hazina wa hekalu hili, mjumbe wa kamati ya shule na wa kamati za harusi tatu kwa mpigo, mwenye duka hapa mjini na mwenye hisa katika karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Geita. Kila mwito niliuitikia, kwa maana kwetu anayekataa kamati ya harusi huhesabiwa kuwa amekataa ndugu.

Siku moja mama yangu alinipigia simu nikiwa njiani kwenda kutazama karasha lililoharibika. Nikasema nitampigia jioni. Jioni ikanikuta kikaoni. Siku ya tatu nilimkuta barazani, daftari za duka la marehemu baba zikiwa mapajani mwake. Ni daftari za miaka ya 1960, zimeandikwa Kigujarati, zina majina ya wakulima waliokopa majembe na khanga wakingoja msimu wa pamba. Macho yake hayazioni tena herufi. Alitaka nimsomee majina. Tukasoma kurasa mbili. Akauliza tutaendelea lini, nami nikafungua shajara kutafuta nafasi. Mama akazifunga daftari bila kusema neno.

Wazee wetu waligawa maisha katika hatua nne, na ya tatu, vanaprastha, ni ya kukabidhi. Mwenye nyumba huwaachia wanawe shughuli angali ana nguvu za kuwaelekeza. Sisi wafanyabiashara huipenda hatua ya pili mno, tukataka kufia ndani yake.

Nchi hii imekwisha kuona mfano. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akijenge chama. Mwaka 1985 akaacha Urais, akarudi Butiama. Naye hakuacha yote kwa siku moja: uenyekiti wa chama aliushika hadi 1990. Kwangu hilo ni faraja.

Mtaniuliza: kila mtu akijitoa, nani atapika prasad, nani atalipa ankara ya umeme? Swali ni la haki. Sisemi tukimbie wajibu. Lakini nilipokuwa na kamati sita, hesabu za hekalu zilichelewa miezi miwili, nanyi kwa heshima mkanyamaza. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliziweka sawa kwa wiki moja. Kumbe nilikuwa nimemkalia kiti.

Basi hisa ya karasha nimeiuza. Kwa harusi natoa mchango, ila vikaoni siingii. Wawili wamenuna, mmoja amekwisha kusamehe. Na leo, mbele yenu, funguo za sanduku la hekalu nazikabidhi kwa kijana huyo.

Jumanne na Ijumaa alasiri nipo barazani kwa mama. Tumefika ukurasa wa 41. Madeni mengi hayakulipwa, na mama hataki yalipwe. Anataka kusikia majina tu. Majirani, ikiwa babu yako aliwahi kukopa jembe dukani kwa baba yangu, karibu. Huenda jina lake limo.