Chaja Moja, Vifaa Vingi: Namna ya Kuchagua Chaja ya Mezani

Matini ya mazungumzo kwa watumiaji wa bidhaa, Mji Mkongwe, Unguja





Jambo tulilokuja nalo ni dogo kwa umbo, kwani linaenea katika kiganja cha mkono. Lakini ndani yake mna fedha zenu, vifaa vyenu na usalama wa nyumba zenu.

Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kuwaka taa za umeme katika visiwa hivi. Wakati huo umeme ulikuwa ajabu ya kutazamwa. Leo, katika nyumba ya kawaida ya Kiponda au Mkunazini, mtaona simu ya baba, simu mbili za mama, kishikwambi cha mtoto wa skuli, kompyuta mpakato ya kijana anayesoma chuo, na pawa benki ya kukabili usiku umeme ukikatika. Vifaa sita, na chumbani mna soketi moja au mbili. Ndipo watu wanapoitafuta chaja ya mezani yenye matundu mengi: plagi moja ukutani, vifaa vinne au vitano kwa pamoja.

Wazo hilo ni zuri, nasi hatuji kulipinga. Tunakuja kueleza namna ya kuchagua.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Ofisini kwetu tulinunua chaja ya namna hiyo. Boksi lake lilikuwa la kupendeza, na juu yake iliandikwa kwa herufi kubwa: wati 100, matundu sita. Bei ilikuwa ndogo, tukafurahi. Siku ya kwanza kompyuta mpakato ilikataa kabisa kupata chaji. Siku ya tatu simu zilichukua asubuhi nzima bila kujaa. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akaichomoa, na chini yake akakuta meza imebabuka.

Hapo ndipo tulipoigeuza na kusoma maandishi madogo ya tumboni mwake. Yalisema: volti 5, ampea 3.1, kwa matundu yote. Zidisha 5 kwa 3.1, unapata wati 15 na nusu. Boksi lilisema 100. Tulipotaka kuirudisha dukani, risiti tulikuwa tumekwisha kuitupa. Sisi, ambao kazi yetu ni kuwaambia watu watunze risiti.

Tunalisimulia hili ili pasiwe na mtu hapa atakayeona haya kusema kwamba naye amewahi kuuziwa namna hiyo. Haliwapati wajinga peke yao. Humpata yeyote anayesoma boksi na kuliacha tumbo.

Hesabu ya kwanza: volti mara ampea

Basi fundisho la kwanza ni hili, na mkisahau mengine yote, likumbukeni hili. Nguvu ya chaja hupimwa kwa wati, na wati ni volti mara ampea. Muombeni muuzaji aitoe chaja ndani ya boksi. Igeuzeni. Tafuteni mahali palipoandikwa nguvu inayotoka, mzidishe kwa kikokotoo cha simu. Volti 5 mara ampea 3 ni wati 15. Volti 9 mara ampea 2 ni wati 18. Volti 20 mara ampea 3.25 ni wati 65. Jibu likitofautiana sana na lililoandikwa kwenye boksi, irudisheni mezani kwa muuzaji, mshukuru, na mwende duka jingine. Na kama tumboni hamna maandishi yoyote, hapana haja ya hesabu: chaja isiyojieleza haistahili fedha zenu.

Hesabu ya pili: nguvu hugawanywa

Chaja ya matundu mengi ni kama sinia la wali. Sinia ni moja, na wanapoongezeka walaji kila mmoja hupata kidogo zaidi. Chaja ya wati 65 yenye matundu matatu haitoi wati 65 katika kila tundu. Ukichomeka kompyuta peke yake, huweza kupata zote 65. Ukiongeza simu, kompyuta huenda ikabaki na 45 na simu ikapewa 20. Watengenezaji waaminifu huandika mgawanyo huo kwenye boksi au katika karatasi ya maelezo. Uliza: je, matundu yote yakitumika kwa pamoja, kila moja linatoa wati ngapi?

Kisha kadirieni mahitaji ya nyumba yenu. Simu nyingi hutosheka na wati 15 hadi 25. Kishikwambi huhitaji kama 20 hadi 30. Kompyuta mpakato nyepesi zinazotumia tundu la Taipu-C huhitaji 45 hadi 65, na kubwa huhitaji zaidi. Tazameni chaja iliyokuja nayo, imeandikwa. Nyumba yenye simu tatu na kishikwambi, bila kompyuta, yatosha chaja ya jumla ya wati 65. Yenye kompyuta inayofanya kazi mchana kutwa pamoja na simu, itafute wati 100. Na kama kompyuta hupata chaji mchana na simu usiku, hamna sababu ya kulipia nguvu mtakayoiacha imelala.

Wapo wanaoogopa kwamba chaja yenye wati nyingi itaiunguza simu ndogo. Chaja iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni haiisukumii simu nguvu isiyotakiwa. Kifaa na chaja huzungumza kwanza: chaja hutaja volti inazoweza kutoa, kifaa huchagua kinachokifaa. Mfumo wa mazungumzo hayo unaotumika zaidi leo huitwa PD, nao hupita katika tundu la Taipu-C. Umoja wa Ulaya umeamuru tundu hilo liwe la pamoja kwa simu na vishikwambi vipya kuanzia tarehe 28 Disemba 2024. Na kwa kuwa watengenezaji hutengeneza kwa soko la dunia nzima, faida yake imefika hata kwetu. Kwa hiyo chagueni chaja yenye angalau matundu mawili ya Taipu-C, na moja la umbo la zamani kwa waya mlizonazo nyumbani.

Waya nao ni sehemu ya chaja. Waya wa kawaida wa Taipu-C kwa pande zote mbili hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo unahitajika waya wa ampea 5. Wengi huilaumu chaja, na kosa ni la waya mwembamba walioununua njiani.

Jambo moja zaidi: unapochomeka au kuchomoa kifaa kimoja, chaja nyingi hukata umeme kwa nukta chache katika matundu mengine ili zigawe upya. Kwa simu si neno. Kifaa kisichotakiwa kuzimika, kama kile cha kusambaza intaneti, kipeni chaja yake.

Plagi, fyuzi na kijiti cha kiberiti

Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Chaja nyingi zinazoingia sokoni zina pini mbili za duara, nasi sote tunajua kinachofuata: mtu huchukua kalamu au kijiti cha kiberiti, akakisukuma katika tundu la juu la soketi ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha akazilazimisha pini mbili ziingie. Tunakuombeni mliache jambo hili. Vifuniko vile viliwekwa ili kidole cha mtoto kisifikie umeme. Na pini za duara hazishikwi sawasawa na soketi ya pini bapa. Hulegea, hutoa cheche, na penye cheche pana joto.

Nunueni chaja ya mezani ambayo waya wake una plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani. Tumboni mtafute maneno yanayoonyesha kuwa inapokea volti 100 hadi 240, na alama ya mraba ndani ya mraba, yaani ina kinga maradufu ya umeme. Alama ya CE isikutosheni peke yake. Hiyo ni kauli ya mtengenezaji kwamba bidhaa yake inafuata matakwa ya Ulaya, na wino wa kuichapa hauna mlinzi.

Kwa nini tunahimiza mno hapa Mji Mkongwe? Kwa sababu nyumba zetu ni za mawe na chokaa, kuta hunyonya unyevu, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na milango na ngazi ni za mbao. Nyaya za umeme katika nyumba nyingi ni za miaka mingi. Na vichochoro vyetu, ambavyo wageni huvisifu, gari la zimamoto haliwezi kuvipita. Moto unaoanzia chini ya mto wa kulalia haubaki kuwa wa nyumba moja.

Kwa hiyo chaja ikae juu ya meza, juu ya kigae au sahani ya udongo ikiwezekana, mahali penye hewa. Isiwekwe kitandani, chini ya mto, wala kando ya chandarua. Vuguvugu ni la kawaida. Ikiwa mkono hauwezi kuigusa kwa utulivu, ichomoeni. Msichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Chaja ya wati 100 peke yake haichoshi ekstensheni nzima ya ampea 13, ila pasi, birika na jiko la umeme zikiungana nayo hapo hapo, mmevuka mpaka. Wale wa Paje, Jambiani na Nungwi wanaorudi kutoka baharini wakaushe mikono na tundu la simu kwanza. Chumvi na maji ndani ya tundu hula shaba na kuleta joto.

Umeme ukikatika, zimeni swichi ya soketi. Tunakumbuka sote mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mmoja, na giza jingine la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, kabla ya kuwekwa waya mpya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kukatika kwa siku hizi ni kwa muda mfupi, lakini umeme unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Subirini dakika chache, kisha muwashe.

Je, chaja hula umeme mwingi?

Hapana. Simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 huhitaji kama wati-saa 25 kujaa, pamoja na upotevu. Yuniti moja ya Tukuza, basi, hujaza simu hiyo mara 40 hivi. Birika la wati 2,000 hutumia kiasi hicho hicho kwa sekunde 45. Muuzaji akikwambieni chaja yake itapunguza gharama za umeme nyumbani, tabasamuni.

Haki yenu, na wajibu wenu

Machi 15, 1962, Rais Kennedy wa Marekani alilitajia Bunge la nchi yake haki nne za mtumiaji: usalama, taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo asili ya Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani. Hapa kwetu anayelindwa na Sheria Namba 5 ya 2018 ni wewe mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Masuala ya viwango na ubora ni dhamana ya Taasisi ya Viwango Zanzibar. Lakini hakuna ofisi inayoweza kukusaidia kwa maneno matupu. Dai risiti, ihifadhi pamoja na boksi, na uipige picha kwani wino wake hufifia.

Kwa ufupi, mkiwa Darajani, Mlandege au Michenzani:

1. Itoeni chaja kwenye boksi, mzidishe volti kwa ampea.
2. Ulizeni mgawanyo wa wati matundu yote yakitumika.
3. Kagueni plagi ya pini tatu bapa, fyuzi, na volti 100 hadi 240.
4. Muombeni muuzaji aichomeke, mjaribu kila tundu kwa simu yenu.
5. Nunueni waya unaolingana na chaja.
6. Ondokeni na risiti.

Na wafanyabiashara mliopo hapa, hatukuja kukushtakini. Muuzaji anayemgeuzia mteja chaja aisome tumbo bila kuombwa, mteja huyo atarudi, naye atakuja na jirani yake.

Chaja yetu iliyobabua meza bado tunayo. Hii hapa, inazunguka kwenu sasa. Kila mmoja aigeuze na afanye hesabu mwenyewe.